Diski Mbili, Sekta Moja

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia katika vyumba vidogo vyenye kelele za feni, nikitunza seva za hospitali na vyuo vya Kanda ya Ziwa. Kazi ya kubadilisha diski mbovu imenifundisha kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: data kuwa salama, na mashine kuweza kuwaka.

Tulitegemea sana RAID 1, yaani diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Wazo la RAID lilielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walioonyesha kwamba diski za bei nafuu zikiunganishwa vizuri zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama. Kwa taasisi zenye bajeti finyu, hiyo ni neema. Lakini kwenye Linux, jozi tunazounda kwa mdadm aghalabu ni za partisheni, si za diski nzima. Sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, hubaki nje ya jozi. Kwenye mashine za BIOS, baiti 446 za mwanzo wa sekta hiyo ndizo zinazoiamsha GRUB, na GRUB ndiyo inayoupakia mfumo.

Uzito wa jambo hilo niliuona katika hospitali moja niliyoitwa asubuhi. Diski ya pili ilikuwa imebadilishwa miezi kadhaa nyuma: partisheni zikapangwa, data ikanakiliwa, kazi ikahesabiwa imekwisha. GRUB haikuwekwa kwenye diski mpya. Kisha diski ya kwanza nayo ikafa, umeme ukakatika, na seva ilipowashwa ikaandika kwamba haina diski ya kuwashia. Foleni ya mapokezi ilikuwa imefika barazani.

“Fundi, mafaili ya wagonjwa yamepotea?” aliuliza sista wa zamu.

“Hayajapotea, sista. Yapo yote. Mashine ndiyo haijui ianzie wapi.”

Nikafunga diski mpya mahali pa ile iliyokufa, nikaiwasha seva kwa flashi yenye Linux. Kabla ya kuandika amri yoyote, nikalinganisha namba zilizochapwa kwenye lebo za diski na zile za kwenye skrini. Majina kama sda na sdb huweza kubadilishana, na ukiielekeza sfdisk inakili jedwali la partisheni kutoka diski tupu kwenda kwenye diski yenye data, umeharibu ulichokuja kuokoa. Jedwali lilipokwisha kunakiliwa kwenye diski mpya, nikaunganisha jozi iliyobaki na nusu moja, nikaingia ndani ya mfumo wa hospitali kwa chroot, nikaendesha grub-install kwenye diski zote mbili, kisha update-grub. Faili la /proc/mdstat lilionyesha [_U], nafasi moja wazi na moja hai. Nikaiongeza diski mpya, na kunakili kulipokamilika alama ikawa [UU].

Kliniki zilipofungwa jioni, niliomba ruhusa ya kuizima seva. Nikachomoa diski ya zamani na kuiwasha seva kwa mpya peke yake. Ikawaka. Nikairudisha ile nyingine kwenye jozi, nikasubiri mpaka [UU] ionekane tena.

Mashine za UEFI zimelihamisha tatizo hili, hazikuliondoa. Huko programu ya kuwashia hukaa kwenye partisheni ya EFI, yenye muundo wa FAT, ambayo kwa kawaida haimo kwenye jozi. Diski mpya inahitaji partisheni yake ya EFI, nakala ya mafaili yaliyomo, na kuandikishwa kwenye orodha ya kuwashia kwa efibootmgr. UUID ya partisheni hiyo ikibadilika, /etc/fstab nayo lazima irekebishwe.

Vijana ninaowafundisha nawadai mstari mmoja katika kila ripoti ya kubadilisha diski: kwamba kila diski imewasha seva ikiwa peke yake, na tarehe ya jaribio. Hospitali iligharamia diski mbili ili daktari wa zamu ya usiku apate faili la mgonjwa hata moja ikifa, na ahadi hiyo haijatimia mpaka jaribio hilo lifanyike. Ripoti isiyo na mstari huo siisaini.