Solex ya Marehemu na Bei ya Soko

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina chumba kimoja kilichojaa vitu ambavyo thamani yake aliijua mwenyewe peke yake. Siku mwenyewe akiondoka, ujuzi ule huondoka naye, na vitu hubaki. Mjomba wangu, aliyekuwa baharia, aliacha chumba cha namna hiyo: pikipiki kuukuu tatu, na pamoja nazo chombo ambacho watoto wa mtaani walikicheka kwa kuwa injini yake imekaa juu ya gurudumu la mbele.

Chombo hicho ni VéloSoleX ya Ufaransa. Ni katika jamii ya mopedi, yaani vyombo vyenye mota na pedali pamoja. Jina lenyewe lilibuniwa Uswidi mwaka 1952 kwa kuunganisha maneno hayo mawili. Solex iliingia sokoni mwaka 1946, na zilitengenezwa kwa mamilioni. Mpandaji hukanyaga pedali kama wa baiskeli, kisha huishusha injini kwa wenzo, na rola ndogo ikagusa mpira wa mbele na kuuzungusha. Nyingi zina injini ya 49 cc. Ya mjomba ilikuwa ya 45 cc, ya miaka ile ya mwanzo, na hapo ndipo ulipo uadimu wake.

Mkaza mjomba alikuwa bado yumo edani alipokuja mnunuzi mlangoni, akamwambia kijana wake kwamba atavichukua vyuma vile kwa shilingi 10,000, apate kuwapunguzia mzigo. Lakini akauliza pia nambari ya injini. Mkaza mjomba aliyasikia yote akiwa ndani. Aliponiita aliniambia, "Mwanangu, anunuaye chuma kwa kilo haulizi nambari ya injini."

Maneno yake yalinikumbusha hukumu tuliyoisoma madrasa zamani, nami nikidhani ni ya zama za ngamia. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kuuendea msafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni, na mwenye mali akifika sokoni akaona amepunjwa, ana hiari ya kuivunja bei. Sababu yake ni kwamba aliye njiani hajui bei ya mji. Mjane aliye edani naye yuko njiani. Anayemwendea mbio kabla hajajua bei hamsaidii.

Basi tukaifikisha Solex sokoni. Mjukuu wake aliipiga picha kila upande, pamoja na nambari ya injini, akatazama katika intaneti bei za minada ya Ufaransa, kisha akawaandikia wakusanyaji watatu. Kijana mmoja alitaka ipakwe rangi mpya ing'are. Tulimzuia, kwa maana wakusanyaji huipenda rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka, kuliko rangi mpya ya gereji.

Mkusanyaji wa Nairobi akafika 175,000. Hapo ukaja mtihani wa upande wetu. Fundi aliyeikagua alituonyesha kwamba bamba la nyuma la kukinga tope lilitoka katika Solex ya miaka ya baadaye, na katika picha halikuonekana. Wapo waliosema mnunuzi ana macho yake. Mkaza mjomba akasema, "Mwambieni. Sitaki pesa itakayonirudia usingizini." Tukamwambia, naye akapunguza 15,000. Biashara ikaisha kwa 160,000, na mnunuzi akaomba aje kuzitazama zile pikipiki tatu.

Pesa ile haikuwa ya mjane pekee, wala haikuwa ya watoto wa kiume pekee. Tangu mwanzo hatukuuza mpaka warithi wote waliporidhia, na deni la marehemu lilikuwa limekwisha lipwa. Mkaza mjomba akapata thumni yake, 20,000. Zilizobaki wakagawana watoto: wana wawili wakapata 56,000 kila mmoja, na binti 28,000. Lau ile 10,000 ingepokelewa pale mlangoni, fungu la mjane lingekuwa 1,250, na hakuna ambaye angejua kilichopotea.

Enyi mnaopenda kukusanya vitu, andikeni mngali hai: hiki ni nini, nilikipata wapi, kina kasoro gani, na nani wa kuulizwa bei. Karatasi moja ndani ya mtoto wa meza yatosha. Nanyi akina mama, mtu akija na pesa mkononi na haraka moyoni, mwambieni arudi baada ya eda. Mwenye nia njema atarudi.