Iko Kazini

Wiki tatu baada ya kumzika Baba, dada yangu alipata mnunuzi wa kompyuta yake. Shilingi 9,000, bila maneno mengi. Kazi yangu ilikuwa kuifuta tu.

Ile mashine tulikuwa na kesi nayo. Ilikaa chini ya meza ya sebuleni ikinguruma usiku kucha, na kila tokeni zilipoisha mapema, lawama ziliiangukia. "Baba, hii kitu inakula stima bure," nilimwambia Krismasi iliyopita, kwa sauti ambayo leo natamani ningeimeza. Yeye, mwalimu mstaafu, alinitazama juu ya miwani. "Iache. Iko kazini." Sikuuliza kazi gani.

Jioni hiyo nikaiwasha. Kwenye skrini hapakuwa na kitu cha maana: barua mbili za sako, picha moja ya pasipoti. Lakini diski ilikaribia kujaa. Nikaiambia Windows inionyeshe vilivyofichwa, na folda moja ikajitokeza kwa rangi hafifu: ProgramData. Hakuificha Baba. Windows yenyewe huificha, ili mikono yenye haraka kama yangu isifute vitu ambavyo programu zinavitegemea.

Humo ndani nikakuta Jellyfin. Hii ni seva ya video na muziki: unaiweka kwenye kompyuta moja, kisha runinga na simu za nyumbani zinachota kutoka kwake kupitia waifai. Ilizaliwa Desemba 2018, baada ya wenye Emby kuacha kuweka wazi msimbo wa programu yao. Haina malipo ya kila mwezi. Nilicheka peke yangu. Baba na vya bure!

Nikafungua mafaili ya mipangilio moja moja. system.xml, network.xml, lugha ya mashine tupu. Kisha nikafika kwenye maktaba alizozipanga, kila moja na folda yake: Sinema. Kwaya. Zako.

Zako?

Ndani yake kulikuwa na kafaili kanachoishia na .mblink. Nikakafungua kwa Notepad. Mstari mmoja tu: E:\Zako. Hakukuwa na video wala sauti. Ilikuwa anwani, na kwenye kompyuta ile hapakuwa na E yoyote.

Nikaenda jikoni. "Mama, Baba hakuwa na kadude keusi hivi, ka waya, ka kuchomeka kwa kompyuta?"

Mama hakuinua macho kutoka kwa maharagwe aliyokuwa akichambua. "Kale ka TV? Nilikatoa siku ya mazishi, watu wasikakanyage. Kako kwa kabati, ndani ya mkebe wa biskuti." Halafu akaongeza, kama mtu anayezungumzia mvua: "Tangu siku hiyo vitu vyangu vilikatika. Nikasema labda yeye ndiye alikuwa analipia."

Wiki tatu. Tulikuwa tumejaa nyumba nzima, tukigawana vyombo vya kuosha na madeni ya mazishi, na hakuna aliyegundua kwamba Mama huketi jioni mbele ya runinga iliyozimwa.

Nikachomeka ile diski. E ikarudi. Kwenye runinga, Zako ikafunguka: kanda za zamani za video ambazo Baba alizihamisha moja baada ya nyingine. Harusi yao. Ubatizo wangu. Nyanya, mamake Mama, akimfukuza mpiga picha kwa mwiko. Mama akavuta kiti, akapangusa mikono kwa leso, akasema, "Ongeza sauti kidogo."

Usiku dada akapiga simu. "Umemaliza kufuta? Mnunuzi anakuja kesho."

"Haiuzwi."

"Kwani inafanya nini hapo?"

"Iko kazini," nikamwambia. "Na tokeni za mwezi huu nanunua mimi."