Saa yangu ilipima kiazi, ikasema presha yake safi!

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya mtu kufumaniwa gesti. Nina stori ya saa. Ukitaka kucheka cheka tu, maana hata mimi nimeshacheka. Ila siku yenyewe sikucheka hata kidogo.

Mimi ni mtu wa Bariadi, makao makuu ya mkoa wetu wa Simiyu. Kazi yangu ni ya kiti. Asubuhi bodaboda hadi ofisini, mchana chakula naletewa mezani, jioni bodaboda tena hadi mlangoni. Na kutoka kwangu hadi ofisini hazifiki kilomita mbili! Sasa, marehemu mzee wangu alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 56, hakuamka tena. Kwa hiyo mwaka jana nilipopimwa presha nikaambiwa 152 kwa 96, miguu iliniisha nguvu. Nesi, dada mmoja mpole, akaniambia: "Kaka, punguza chumvi, tembea, na urudi kila wiki mbili tukuangalie."

Kutembea nikaona poa. Kurudi kila wiki mbili kupanga foleni ndiyo ikawa noma. Mshkaji mmoja akanipa dili: nunua saa inayohesabu hatua. Nikaingia duka la simu mjini, kijana akanitolea saa ina kioo cha rangi kama televisheni. Bei elfu 30. "Braza, hii inapima hatua, mapigo ya moyo, usingizi, presha na sukari. Hospitali utaisikia redioni!"

Nikalipa bila kuomba kupunguziwa. Ofisini nikawa nakunja mkono wa shati makusudi ili ionekane. Kila asubuhi nabonyeza: 118 kwa 76. Kesho yake 119 kwa 77. Bomba! Nikajiona nimepona. Foleni nikaiacha, chumvi ikarudi kimya kimya, chipsi mayai nazo zikarudi na kelele zake. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Jumapili moja nikaenda kumsalimia mama kijijini, upande wa Itilima. Nilipanda pikipiki kwenye barabara ya vumbi na mashimo, tumerushwarushwa mpaka basi. Nafika, naangalia saa: hatua 6,200! Inatetemeka mkononi kunipongeza. Kutembea sijatembea hata hatua 100, ni makalio tu yamefanya kazi.

Tukiwa tumekaa tunamenya viazi, mpwa wangu wa darasa la sita akasema, "Mjomba, hebu niione." Yule mtoto ni mtundu bwana! Akaifunga saa kwenye kiazi, akabonyeza. Tukasubiri. Kiazi kikatoka na mapigo 74, presha 119 kwa 77.

Watu wakavunjika mbavu. Mama akafuta machozi ya kicheko, akaniangalia. "Mwanangu, kumbe hicho kiazi nacho ni mzima kama wewe?"

Mimi nilikuwa kimya. Nilikuwa namkumbuka mzee.

Jumatatu saa mbili nilikuwa kwenye benchi la foleni. Mashine ya kweli ikasema 168 kwa 104. Nikaanzishiwa vidonge siku hiyo hiyo. Yule dada hakunigombeza. Alinionyesha tu ule mkanda wa kwenye mkono wa juu: unajaa upepo, unaubana mshipa, halafu unaachia taratibu, ndipo presha inasomeka. "Sasa kaka, saa yako ilikubana wapi?" Sikuwa na jibu.

Basi ndugu yangu, kabla na wewe hujatoa elfu 30 yako, sikiliza niliyojifunza kwa maumivu.

Kwanza, jua saa hizi zinafanyaje kazi. Ndani yake mna kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko wa mkono, na hatua zinakadiriwa kutokana na mtikisiko huo. Ndiyo maana barabara mbovu inaweza kukugeuza mwanariadha. Mapigo ya moyo yanasomwa kwa kataa ka kijani kanakomulika damu chini ya ngozi. Kwa kazi hiyo saa nzuri inajitahidi, mradi uifunge vizuri, juu kidogo ya kifundo cha mkono, isilegee. Presha ni habari nyingine. Zipo za bei mbaya zenye mkanda unaojaa upepo, na nyingine lazima kwanza uzilinganishe na mashine ya mkono wa juu. Ya elfu 30 inayosoma tu bila kubana wala kulinganishwa na chochote, hiyo inakuchezea. Na sukari ndiyo usiseme: Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Mgonjwa akiiamini, anaweza kukosea dozi na kupoteza maisha.

Pili, ijaribu dukani. Ivae, tembea hatua 100 ukihesabu mwenyewe kwa mdomo. Ikisema 95 au 106, chukua. Ikisema 160, mrudishie mwenye duka kwa heshima zote. Halafu ifunge kwenye kitu kisicho na uhai, uone kama itakutungia presha.

Tatu, uliza chaji. Vioo vikubwa vinavyong'aa vinakula betri, wakati vikanda vyembamba vingi vinakaa wiki nzima na zaidi. Angalia na waya wake wa kuchajia, maana nyingi zina waya wa peke yake, ukipotea usitegemee kuupata Bariadi. Na hakikisha programu yake inakubali kwenye simu uliyonayo.

Nne, usitishwe na hatua 10,000. Namba hiyo haikutoka kwa daktari. Ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Biashara tu! Mwaka 2019 mtafiti I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti wa akina mama watu wazima wa Marekani. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wa 2,700, na faida ilikoma kuongezeka kwenye 7,500 hivi. Kwa hiyo wewe mzee wa bodaboda, anza na za kwenda ofisini.

Mimi mwishowe nilichagua kikanda chembamba, hakina mbwembwe. Kinahesabu hatua na mapigo, basi. Ofisini naenda kwa miguu, na presha napimwa palepale kwa yule dada. Mara ya mwisho ilikuwa 134 kwa 86, na vidonge naendelea navyo.

Msimu wa kuchuma pamba nilimvalisha mama kikanda hicho siku moja. Jioni kikasema hatua 14,300. Nikamsifia. Akaniuliza, "Na ndoo ya maji kichwani kimehesabu?" Nikasema hapana. "Na nilivyosukuma baiskeli yenye gunia?" Nikamwambia hapo mikono ilikuwa imetulia kwenye usukani, huenda hatua nyingi zilikipita.

Akakivua, akanirudishia. "Mwanangu, sisi tunauza pamba miaka yote. Mizani ukishaijua kasoro yake unaweza kuitumia. Ile inayokusifia kila siku ndiyo ya kuiogopa."

Haya msomaji wangu, kama mkononi una saa ya kukusifia, leo jioni tafuta kiazi. Halafu kesho asubuhi nenda kapime. Tukutane wiki ijayo.