Land Rover ya babu inauzwa

Mwenzenu sijasoma leo. Baba mdogo kapiga simu toka Lusu: ile 109 ya marehemu babu imepata mteja wa Arusha.

Wamarekani wana Mustang yao ya 1964, gari ya mbio. Sisi Nzega tulijivunia hii. Bodi yake alumini, maana Waingereza walipoanza kuzitengeneza 1948 chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Bodi haili kutu, chesisi ndo inaoza. Fundi kaichomelea miezi minne, kapiga rangi ileile ya kijani. Imependeza, ndo inauzwa, jamani!

Hela ni ada ya mdogo wangu. Ukoo umekubali, nimebaki mimi. Nimemjibu uza baba, ila si kwa bei ya skrepa.