Gari Kuukuu Chini ya Mwembe

Katika mtaa mmoja wa mji wa Jinja, nchini Uganda, anaishi sajini mstaafu wa polisi. Nyuma ya nyumba yake, chini ya mwembe, gari la marehemu baba yake lilisimama miaka kumi na mmoja bila kutembea. Ni Volkswagen Kombi ya mwaka 1971, iliyotengenezwa Hannover, Ujerumani. Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa hewa bila rejeta. Majani yalioza juu ya paa, kuku wakataga ndani, na kila mvua ilipopita kutu ilizidi kuenea.

Mwaka jana karo ya mtoto wa mwisho iliwabana. Akaja kijana mmoja jirani aliyetaka kulinunua gari hilo apate kuwapeleka wanafunzi shuleni.

"Afande," alisema, "wewe paka puti, piga rangi, mimi nitalichukua. Nani atachungulia chini?"

Bei aliyoitaja ilitosha karo ya mwaka mzima.

Sajini alianza kazi kwa furaha. Alisugua kwa brashi ya waya na msasa, na nje pakaonekana pazuri. Siku ya tatu alilala chali chini ya gari, akagonga mhimili ulio chini ya mlango kwa mpini wa bisibisi. Mlio wa chuma hakuusikia. Alipokandamiza ncha, bisibisi ilizama yote, na vumbi jekundu likamwagikia usoni. Mihimili hiyo ina uwazi ndani. Matundu yake ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa na tope, maji yakatuama humo, na kutu ikala chuma kutoka ndani kwenda nje. Chini ya betri nako tindikali ilikuwa imetoboa bati.

Jioni mkewe alimkuta ameketi juu ya ndoo, kopo la puti mkononi.

"Baba watoto, hiyo ndiyo itakayolishika gari?"

"Itashika hadi pesa ziingie."

Mama yule alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Ulipokuwa kazini uliyasimamisha magari ya watu kwa makosa madogo kuliko hili."

Usiku ule sajini hakupata usingizi. Kulipokucha alimwita kijana, akamwonyesha tundu. Kijana akaondoka na pesa zake. Mbuzi wawili wakauzwa, karo ikalipwa kwa mafungu, na mtoto akakaa nyumbani juma zima akingojea fungu la pili.

Kazi yenyewe ilichukua miezi saba. Kwanza betri ilifunguliwa, na tangi la petroli likatolewa na kuwekwa mbali, kwani cheche za kuchomelea hazina huruma. Fito za chuma ziliunganishwa katika uwazi wa mlango, ili mwili wa gari usije ukalegea mhimili ukiondolewa. Ndipo fundi akakata kutu mpaka akafikia chuma king'aacho, akachomelea bati jipya. Kwa kuwa moto huunguza rangi ya ndani, bati lilipopoa alimimina nta ya kuzuia kutu katika uwazi wa mhimili. Mipira ya petroli karibu na injini, iliyokauka na kupasuka, yote ilibadilishwa. Magari ya namna hii yameungua mara nyingi kwa petroli iliyovujia injini yenye moto.

Aliyeshika taa siku hizo zote ni yule mtoto wa mwisho. Siku moja aliuliza: "Baba, kwa nini hukuliuza tu?"

Sajini alimpa bisibisi ile ile, akamwambia agonge mhimili mpya. Ukalia kama kengele. Kisha akamwambia agonge wa upande wa pili, ambao ulikuwa haujakatwa. Mtoto aligonga, akasikiliza, hakuuliza tena.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa uliofunikwa kwa rangi ni mbaya zaidi, maana huonekana ukuta ukiwa umekwisha kuanguka, pengine juu ya watoto wa wenzetu.

Gari halijauzwa hata sasa. Kila mvua kubwa inapokwisha, mtoto huchukua waya, akaingia chini yake, akazibua matundu ya maji moja baada ya jingine.