Dakika Nne Kila Usiku

Ukilala kwenye mashua msimu mzima, unagundua kwamba mbingu hazikai mahali pamoja. Kila nyota huchomoza kama dakika nne mapema kuliko jana yake. Leo hadi kesho huoni tofauti, lakini mwezi ukiisha dakika hizo zimekuwa saa mbili. Kilimia, ambacho Agosti nakisubiri hadi usiku wa manane, Novemba kinapanda mashariki mara tu baada ya magharibi. Mwezi nao huenda kinyume: huchelewa karibu dakika 50 kila siku, na maji huufuata. Mwenye kulala nchi kavu hupewa mambo haya na kalenda. Mimi huyapata nikiwa chali juu ya sitaha, na sijawahi kuyachoka.

Hapa Junda, Mombasa, nyota ni chache. Tunatia nanga kwenye hori ya Tudor, mikoko ubavuni, na taa za Mishomoroni na za kisiwani zinafifisha anga karibu lote. Lakini Septemba, kusi inapolegea, tunapita chini ya daraja la Nyali, tunaiacha Fort Jesus, tunatoka nje ya mwamba na kushika njia ya Lamu. Mwanga wa mji unabaki tezi, unapungua, na tukiikaribia Kilifi giza limekamilika. Hapo ule ukanda mweupe wa nyota unapita utosini, na chini yake bahari inawaka kila usukani unapoikata, kwa viumbe vidogo vinavyotoa nuru vikisumbuliwa. Asiye na zamu angepaswa kulala, lakini mimi silali.

Nyota ya jaa hatuioni huku, kwa kuwa Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa ikweta na nyota hiyo imezama chini ya upeo. Mabaharia wa zama za Ahmad ibn Majid, aliyeandika katika karne ya 15 juu ya njia za bahari hadi Sofala, walipima urefu wa nyota angani kwa upana wa vidole. Sisi simu hutuonyesha tulipo. Hata hivyo Januari, tukirudi na kaskazi, nyota ya Suheli inasimama kushoto kwa omo, nami huifuata kitambo kirefu simu ikiwa mfukoni. Kioo kinachong'aa hupofusha macho gizani, na macho hayo ndiyo yanayotakiwa kuona wimbi linalovunjika kwenye mwamba.

Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, majukwaa ya San Marco yamesimama baharini kwa miguu ya chuma. Tarehe 12 Desemba 1970 yalirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei ya mbinguni. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300, na kimoja ilichosaidia kukieleza kinadhaniwa kuwa shimo jeusi, katika kundi la nyota la Cygnus. Septemba kundi hilo liko upande wa kibla, nusu ya mbingu. Kila tupitapo huwaonyesha vijana wa chombo: kwanza majukwaa, kisha juu.

Lakini usiku nisioweza kuusahau sikuwa safarini. Ilikuwa tarehe 27 Julai 2018, kusi kali, chombo kiko Junda. Usiku wa bamvua kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne, kwa hiyo mashua ilikuwa imelala matopeni. Saa nne na nusu mwezi ulipatwa wote, ukawa mwekundu, na karibu yake Mirihi, nayo nyekundu, iking'aa kuliko nilivyowahi kuiona. Nyota zilizofichwa na mwezi mpevu zikajitokeza, hata juu ya taa za mji. Nahodha alishuka, akapita matopeni kwenda kuswali sala ya kupatwa pamoja na watu wa kijiji. Giza lilidumu hadi saa sita na robo, muda mrefu kuliko kupatwa kwingine kokote kwa mwezi katika karne hii. Aliporudi, miguu imejaa tope hadi magotini, maji yalikuwa yameshaanza kuingia horini. Hatukulala, tulikaa tukizungumza mpaka chombo kikaelea.