Si Sumu Inayotoka, Rehema

Pangani, Tanga
Jumapili jioni

Mpwa wangu Rehema,

Bibi yako anakusalimu huko Dar, na anasema hizo kilo ulizopunguza umwambie umezipeleka wapi. Ujumbe wako niliusoma juzi. Nimeona heri nikuandikie barua, kwa sababu kwenye simu hukawii kuniitikia "sawa mjomba" kisha ukaendelea na yako.

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Jumatatu uliacha ugali, wali, chapati na sukari. Siku hiyohiyo ukaacha na chai. Asubuhi huli kitu, unangoja mlo mmoja wa jioni. Chumvi umeitoa kwa kuwa mtu fulani alikwambia inanenepesha. Maji unajilazimisha lita tano kwa siku. Kufika Alhamisi kichwa kikakubana tangu kisogoni, ngazi za ofisini zikakushinda, na mteja ukamfokea bure. Wenzako wakakupongeza: hiyo ni sumu inatoka, vumilia, ndio mlo unafanya kazi.

Kwanza niseme la haraka, kisha tutarudi kwenye mlo. Ulikuwa huku kwa harusi ya binamu yako, ukalala ukumbini pamoja na wasichana wenzako, na chandarua mlikikataa kwa sababu ya joto. Hesabu yangu inaniambia ni wiki mbili sasa. Dalili za malaria kwa kawaida hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya mbu kuuma. Maumivu ya kichwa na uchovu ni miongoni mwa dalili zake za kawaida, na homa mwanzoni yaweza kuwa ndogo hata usiitambue. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kazi, ingia zahanati yoyote ukapime. Kipimo cha haraka ni tone la damu la kidoleni, majibu ndani ya dakika ishirini. Nimeona watu wakisingizia mfungo, kazi, hata husuda, na kumbe vimelea vimejaa kwenye damu. Mlo mpya usiwe pazia la kuficha ugonjwa.

Haya, tuseme umepima na huna malaria. Hapo ndipo tuzungumze hiyo sumu.

Mwanangu, uchafu wa mwili una wenyewe wa kuushughulikia, nao ni ini na figo. Kazi hiyo vinaifanya usiku na mchana, uwe umekula pilau au mchicha. Havingoji Jumatatu ya mlo mpya, wala vikifanya kazi yake havikuumizi kichwa. Maumivu yako hayakwambii kwamba kuna kitu kinatoka. Yanakwambia kuna kitu kimeondolewa na hakijapata mbadala. Kwa hiyo usiulize sumu gani inatoka. Uliza umeondoa nini. Wewe umeondoa vitu vingi kwa mpigo mmoja, na ndiyo maana hujui kipi kinakuumiza.

Tuanze na chai. Nakufahamu: ya alfajiri, ya saa nne, ya baada ya chakula, na ya magharibi, zote za rangi iliyokolea. Ndani ya majani ya chai mna kafeini, ambayo hubana mishipa ya damu ya kichwani. Mwili uliozoea kuipata kila siku hujipanga kwa hesabu hiyo. Ukiikata ghafla mishipa hutanuka, na kichwa kinaanza kuuma kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Siku ya kwanza na ya pili ndizo kali, na mabaki yake yanaweza kufika hadi siku ya tisa. Wazee wa kahawa hapa barazani wanalijua hili bila kusomea. Siku za mwanzo za Ramadhani, ikifika alasiri, utawaona wamejifunga kilemba kichwani, hawataki mazungumzo. Wenye busara huanza kupunguza vikombe tangu Shaabani, na mwezi ukiandama wanafunga bila taabu.

Wewe fanya hivyo. Kesho kunywa kikombe kimoja cha chai isiyo na sukari. Kichwa kikitulia ndani ya saa moja, mchawi umempata. Baadaye punguza taratibu, kikombe kimoja kila baada ya siku chache, ukitaka. Na nasema ukitaka, kwa sababu majani ya chai hayakukukosea. Kosa ni vile vijiko vitatu vya sukari kwa kila kikombe. Vikombe vinne ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu 50, na hapo bado soda ya mchana. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi kiasi hicho kwa mtu mzima kwa siku, na ikishuka chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Hapo ulipokata sukari umefanya jambo zuri. Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo, amelisema hadharani mara nyingi hadi wauza maandazi wa huku nao wanamtaja.

La pili ni maji na chumvi, na hili ndilo ninalolishuku zaidi. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu moja hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga, akiba hiyo hupungua haraka siku za mwanzo na maji yake hutoka kwa mkojo. Zile kilo mbili ulizoniandikia kwa furaha, sehemu kubwa ni maji, si mafuta. Tena insulini ikishuka, figo nazo huachia chumvi nyingi kuliko kawaida. Sasa wewe chumvi umeikata, na lita tano za maji zinaisukuma iliyobaki itoke nayo. Utakosaje kizunguzungu ukiinuka, moyo kwenda mbio kwenye ngazi, na misuli ya miguu kukaza usiku?

Nilipokuwa bado kazini nikihudumia wagonjwa, aliletwa fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, amebebwa na wanafunzi wake. Alikuwa ameacha wanga wote, huku akiendelea kumeza vidonge vya presha vile vinavyokojoza. Nilimpima akiwa amelala, presha ikawa nzuri. Nikamsimamisha, nikapima tena: ilishuka mpaka macho yakamgeuka na nikamdaka mkono. Hakuwa na ugonjwa mpya. Mlo ulikuwa unamtoa maji na chumvi, na kidonge kilikuwa kinamtoa vilevile. Dozi yake ilipopunguzwa na daktari, akarudi cherehanini. Kwa hiyo mama yako akisema anataka kukuiga, mwambie kwanza amwone daktari wake na vile vidonge vyake vya presha mkononi. Wenye kisukari wanaochoma insulini au kumeza glibenklamaidi ndio kabisa wasithubutu kukata wanga kienyeji, maana sukari yaweza kuporomoka wakazimia. Wajawazito na wanaonyonyesha mlo wa namna hii si wao.

Wewe presha yako ni ya kawaida, kwa hiyo tiba yako iko sokoni. Nenda Feri mapema, nunua kichwa cha kolekole. Kikate vipande, kioshe kwa ndimu, kitie sufuriani na kitunguu, nyanya, tangawizi na pilipili mbuzi nzima usiipasue. Tia chumvi kama ulivyozoea nyumbani kwetu, acha ichemke mpaka nyama ya mashavu iachie mfupa. Kunywa bakuli asubuhi na bakuli jioni wiki hii. Chumvi yote ya siku, pamoja na ya mboga, isivuke kijiko kimoja cha chai cha kufuta. Hicho ndicho kipimo cha kawaida, wala sikwambii uilambe. Mchicha na parachichi vitakupa potasi. Maji kunywa ukisikia kiu, ongeza kidogo kwa joto la Dar, na mkojo ukiwa wa manjano mepesi inatosha. Kujishindilia maji bila chumvi huizimua damu, na kuzimuka huko peke yake kunaumiza kichwa.

La tatu ni uchovu wenyewe. Ubongo umezoea glukosi, kama gramu 120 kwa siku. Ikikosekana, ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni ili ubongo upate cha kutumia, lakini mabadiliko hayo huchukua siku kadhaa. Katikati hapo mtu huwa mzito, fikra hazishiki, hasira ziko karibu. Kwa wengi huisha ndani ya wiki moja au mbili. Siku hizo lala mapema, tembea badala ya kukimbia, na usipange mkutano mgumu.

Ila nikuulize, nani amekuamuru ukate wanga wote? Mlo wa kukata wanga namna hii, yaani mlo wa ketoni, ulianza kama dawa. Mwaka 1921, daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic huko Marekani aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo watoto wa kifafa wanaopewa mlo huo husimamiwa na madaktari na wataalamu wa lishe, wakipimwa damu na kupimiwa chakula. Wewe hoja yako ni gauni kukubana na kupumua vizuri ukipanda ngazi. Kwa hoja hiyo, ugali wa dona kiasi cha ngumi yako mchana, samaki, na mboga nusu sahani vitakufikisha. Kula asubuhi pia: mayai mawili, au mbaazi zilizobaki jana. Njaa ya kutwa nzima nayo huumiza kichwa, tena ile ya kutetemeka na jasho jembamba ni ya kula papo hapo, si ya kuvumilia. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Badilisha jambo moja kwa wiki: wiki hii sukari, wiki ijayo kiasi cha wali, kisha vitafunio vya usiku. Likikuumiza, utajua ni lipi.

Kuhusu dawa: panadol mbili ukizidiwa si mbaya, lakini usivuke vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na usizifanye za kila siku, kwani kumeza dawa ya maumivu mfululizo huzaa maumivu mengine ya kichwa. Diklofenaki usiiguse na tumbo tupu.

Na kuna kichwa kisichongojwa. Kikija ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuujua, au pamoja na homa na shingo kukakamaa, kutapika kusikokoma, macho kuona giza, maneno kuchanganyika, au mkono mmoja kulegea, usinipigie mimi. Chukua gari uende hospitali. Na uchovu ukivuka wiki mbili ilhali unakula, unalala na unakunywa supu, nenda wakupime wekundu wa damu. Wanawake wengi hutembea na upungufu wa damu miaka, wakidhani ni kazi.

Wenzako wakikuambia tena uvumilie, wajibu kwa adabu kwamba mjomba wako amekataa. Uvumilivu una mahali pake, mwanangu, lakini maumivu yenye sababu inayojulikana na dawa ya shilingi chache hayana thawabu yoyote.

Kesho, basi: kipimo cha malaria kwanza, kisha kikombe kimoja cha chai isiyo na sukari, na supu jioni. Nipigie baada ya Isha unipe majibu. Bibi yako anasema mwezi ujao ukija atakupikia kisamvu cha nazi, na anauliza kama mlo wako huo unaruhusu nazi. Nimemjibu kwamba unaruhusu.

Wasalaam,

Mjomba wako